Kitabu Alichochagua Makandi

"Huyo mwandishi ni mwongo!"

"Mwalimu, ngoja nimalize..."

"Mwongo mchana peupe!"

"...ni riwaya ya mapenzi, si mtihani! Kwani ulikuwa unaisoma na kalamu nyekundu?"

Klabu ya wasomaji ilikuwa imekutana kwa saluni ya Gladwell, Meru mjini, Jumapili baada ya kanisa kama kawaida. Chai haijamiminwa na vita vishaanza. Mwalimu Kailemia, aliyefundisha historia mpaka akastaafu, alikuwa amekalia kiti cha kukausha nywele, ile kofia kubwa ya plastiki ikimning'inia kichwani kama taji la mfalme aliyepinduliwa. Gladwell alikuwa amesimama mbele yake na chanuo. Gladwell husoma mapenzi tu. Kitabu kikifika katikati na hakuna mtu ameachwa, anakirudisha. Mwalimu naye ni historia tu. Lakini kitabu huchaguliwa kwa zamu, na hii ilikuwa zamu ya binti wa Mwalimu, Makandi.

Makandi mwenyewe alikuwa kwenye benchi la wateja, ametulia kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha siku za Emajensi, vita vya Mau Mau. Kijana anajificha msituni, msichana anampelekea chakula, wanapendana, vita vinaisha, wanaoana. Shida ni moja: koo zao ni gichiaro.

"Hiyo gichiaro ni nini hasa?" akauliza Igoki. Igoki ni wa Gachoka, kazi ndiyo ilimleta Meru. "Mimi nimesoma kitabu chote nikidhani ni ugonjwa."

"Ni undugu wa kiapo, mama," Mwalimu akasema. "Koo mbili zililishana kiapo zamani, na kiapo hakizeeki. Mtu wa gichiaro humdanganyi, humpigi, na akikuomba kitu humnyimi. Hata akitaka ng'ombe wa mwisho, unamfungulia boma. Na hamuoani! Ni kama kuoa dada yako, na anayevunja kiapo laana humla. Sasa huyu mwandishi anawaoza, anawapa watoto wanne na shamba la chai, na hakuna hata mmoja ametokwa na kidonda. Historia gani hiyo?"

"Historia ya moyo," Gladwell akasema.

"Moyo ni nyama, Gladwell. Uliza bucha."

Igoki akacheka mpaka akashika mbavu. Makandi hakucheka. Karibu na sinki ya kuoshea nywele alikuwa amekaa Murungi, daktari wa ng'ombe, aliyejiunga na klabu juzijuzi akidai anapenda vitabu. Vitabu gani! Alikuwa anasoma nyuma ya jalada tu. Alichopenda kilikuwa pale kwenye benchi la wateja. Miaka miwili walikuwa wanapendana kichinichini, na sasa Murungi alikuwa ameshawaambia wazee wake wajiandae kwenda kumwomba Makandi kwao.

Kumbe Makandi alikuwa amepanda kwenda Laare kumsalimia nyanya yake, akamtajia ukoo wa Murungi vivi hivi, kama porojo. Nyanya akaacha kuchambua maharagwe. "Hao ni gichiaro wetu," akasema.

Makandi hakumwambia mtu, hata Murungi. Badala yake akachagua kitabu. Alijiambia, wacha klabu ibishane, Gladwell amshinde baba kwa mdomo, mzee alainike kidogo, ndipo nami niseme yangu. Ni kama kutaka kujua mbwa anauma kwa kumkopesha mguu.

"Na wewe daktari," Mwalimu akamgeukia Murungi, "mbona umenyamaza kama dume lililohasiwa? Hebu tuambie, wewe ni wa ukoo gani?"

Makandi akakohoa. Akaangusha kijiko. Akauliza nani anataka sukari. Lakini Murungi, amefurahi mkwe mtarajiwa amemtambua, alishautaja ukoo, na jina la babu juu.

Mwalimu akaruka juu, akagonga kichwa kwa ile kofia, pwaa! Hata hakusikia uchungu.

"Gichiaro wangu! Na nimekuacha umekaa kwa sinki! Njoo hapa!"

Akamkalisha kwenye kiti chake. Akamnyang'anya Igoki sahani ya chapati, akampa Murungi zote. Akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye nyumbani hajui birika linakaa wapi. Murungi alikuwa bado anatabasamu, halafu tabasamu likaanza kuisha polepole, kama mshumaa. Akamtazama Makandi.

"Ulijua?"

Makandi akaitikia kwa kichwa.

Murungi akaweka sahani chini. Hakuwa ameonja.

"Niwie radhi, Mwalimu. Kuna ng'ombe anazaa huko Nkubu."

"Ng'ombe gani, na simu yako haijalia?"

Lakini kijana alishasimama. Alipopita kwenye benchi akasema chini chini, ila saluni ni ndogo na kila mtu alisikia: "Watu wangu hawatakuja, Makandi. Mama yangu hawezi. Hata mimi naogopa."

"Watu gani?" Mwalimu akauliza. "Kuja wapi?"

Akaangalia binti yake, akaangalia mgongo wa kijana, akaangalia kile kitabu kwenye meza ya rangi za kucha.

"Makandi. Huyu ni ndugu yako."

Makandi akamtazama Gladwell. Ndiye wakili aliyekuwa amemwekea matumaini. Gladwell akainamia chanuo, akaanza kutoa nywele kwenye meno yake moja moja.

"Mimi nilikuwa nabishana tu," akasema. "Aki Makandi, hii sasa si kitabu."

Murungi alikuwa ameshika mlango. Makandi alimjua huyu mtu; akitoka na hofu ile atafika kwa mama yake nayo, na huko haitatolewa tena. Akasimama. Akasema mbele ya baba yake.

"Murungi, geuka. Mimi pia ni gichiaro wako, na kiapo kinasema nikikuomba huninyimi. Naomba unioe."