Kurasa Nne za Mwisho

Jirani yangu Fosia anasema aliniona kwa macho yake mawili. Anasema Jumatatu ile ya mvua niliketi juu ya mtungi mtupu pale kwenye soko letu la maziwa, nikasoma mpaka mwisho, nikatukana, halafu nikachana kurasa nne za kitabu cha watu na kuzitupa kwenye mtaro. Anasema hata nililia. Hayo ndiyo aliyomwambia Mwalimu Golicha, na Mwalimu akamwamini, akaninyang'anya kadi yangu ya vitabu.

Kulia, sawa, nililia kidogo. Hayo mengine ni uongo.

Mwalimu Golicha alipostaafu aligeuza chumba cha mbele cha nyumba yake kule mtaa wa Wabera kuwa chumba cha vitabu. Viko kama mia tatu hivi. Ana sheria moja: ukirudisha kitabu, lazima uandike maoni yako kwenye karatasi aliyobandika ndani ya jalada la nyuma, na jina lako chini. Asiyeandika hapewi kingine. Wengi huandika "kizuri" wakaenda zao. Mimi siwezi. Niliishia darasa la nane, na tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza nafikiri nini. Kwa hivyo nikiulizwa, najibu.

Ile riwaya ya mpelelezi yenye jalada jeusi niliiandikia hivi: "Huyu mtu hajala tangu ukurasa wa kumi na mbili mpaka wa mia mbili na arobaini, na bado ana nguvu ya kupiga wanaume sita. Mwandishi ampikie hata chai." Ile ya tajiri na msichana wa duka: "Msichana ameugua mapenzi miezi mitatu. Nani alikuwa akifungua duka?" Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

"Amran," akasema, "wewe unasoma kama mtu anayenunua mbuzi. Unaangalia mpaka meno."

Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Halafu akanipa ile ya jalada la kijani. Akasema, hii ni ya huku kwetu, kaskazini, msichana wa wafugaji anayeuza maziwa. Nilishukuru kama mtu aliyeletewa barua. Kwanza niliisoma peke yangu kwa siku nne. Nilipomaliza nikaipeleka sokoni niwasomee wenzangu, kwa sababu asubuhi tunakaa sana tukingoja gari la maziwa kutoka malishoni. Nasoma kwa Kiswahili, na penye ugumu nageuza kwa Kiborana.

Ukurasa wa thelathini, msichana anamkamua ngamia aliyelala.

"Rudia hapo," akasema Mama Wato, ambaye ndiye mkubwa wetu sokoni.

Nikarudia.

"Amelala? Ngamia ni mgonjwa?"

"Haijaandikwa, mama."

"Basi mwandishi ndiye mgonjwa. Ngamia hukamuliwa amesimama. Mwambie aje nimfundishe kusimama kwa mguu mmoja na chombo kwenye goti."

Walicheka, na mimi nikacheka. Hilo la ngamia ningelisamehe. Nisilolisamehe liko kwenye kurasa nne za mwisho. Kijana mmoja kutoka mjini anakuja, anampenda yule msichana, na msichana anachukua kibuyu cha maziwa cha mama yake, kilichokuwa cha nyanya yake, anakitia motoni. Mama yake anapiga makofi. Anapiga makofi! Halafu mwandishi anasema kwamba msichana, ambaye hakumaliza shule, usiku huo "alianza kufikiri kwa mara ya kwanza maishani mwake".

Kwa mara ya kwanza. Miaka yote hiyo anaonja maziwa na kujua ngamia alikula nini jana, anajua muuzaji gani ataongeza maji, anahesabu, anakumbuka, kumbe hakuwa anafikiri. Hapo ndipo nilipolia. Nikasema kwa sauti, soko zima likasikia, "Mwisho huu unafaa kuchanwa!" Na kwa hasira ile ile nikafungua jalada la nyuma nikaandika hivyo hivyo, na jina langu.

Gari likafika. Nikakifunga kitabu ndani ya leso, nikakiweka juu ya kreti, nikaenda kushusha mitungi. Jioni nilikipeleka Wabera. Mwalimu alikuwa msikitini, nikamwachia mke wake. Sikukifungua. Kwa nini nikifungue? Nilikuwa nimekimaliza mara mbili.

Alhamisi Mwalimu alikuja sokoni kunitafuta. Mimi nilikuwa malishoni Burat kuchukua maziwa, akamkuta Fosia. Nilipokwenda kwake jioni, alinifungulia kitabu bila hata salamu. Mwishoni palibaki vipande vya karatasi kwenye mshono, na mbele yake maandishi yangu: mwisho huu unafaa kuchanwa.

"Si mimi, Mwalimu."

"Maandishi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na kitabu kinanuka moshi wa nani?"

Vitabu vyote ninavyosoma vinanuka moshi. Mikono yangu inanuka moshi. Mitungi ya maziwa tunaifukiza kwa vijiti vya ejersa, mzeituni wa porini, vinavyowaka ndani kwa ndani, ili maziwa yasichache kabla ya kufika Nairobi. Mwalimu anajua hayo. Lakini aliiweka kadi yangu kwenye droo, na hakuniuliza swali la tatu. Mtu huyo huyo aliyesema naangalia mpaka meno.

Basi nikaangalia. Njiani nikakumbuka kwamba Jumatatu vijiti vilikuwa vimelowa, na moto wa Fosia ndio uliotangulia kuwaka. Nikakumbuka kwamba Jumanne mteja wa Nairobi alirudisha mitungi mitatu ya Fosia, akisema maziwa yananuka karatasi iliyoungua. Mwenyewe alilaumu mitungi mipya.

Kesho yake nilimwendea Fosia akisafisha vyombo.

"Fosia, siku ya mvua uliwasha moto na nini?"

"Na kiberiti, abaayo, dada yangu. Wewe huwasha na nini, na simu?"

Wanawake wakacheka.

"Chini ya vijiti uliweka nini?"

Akaacha kucheka. Akanivuta leso mpaka nyuma ya kibanda.

"Si wewe ulisema unafaa kuchanwa? Ulitangazia soko lote."

"Nilisema kwa mdomo!"

"Na mimi nikafanya kwa mkono. Tumegawana kazi."

"Twende ukamwambie Mwalimu."

"Amran, wallahi, fikiria. Nikisema nilifukiza mitungi na karatasi, nani hapa atakubali kuchanganya maziwa yake na yangu tena? Mama Wato atanitoa leo leo. Wewe umekosa kitabu tu. Mimi watoto wangu wanne watakunywa nini?"

Kitabu tu. Nilitaka kurudi mbele na kupaza sauti. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini wale watoto wanne nawajua kwa majina, mdogo huwa analala kwangu mama yake akienda malishoni. Nikanyamaza, na kunyamaza kulinichoma kuliko kusema. Mwandishi anasema msichana wa maziwa hana wazo. Fosia anasema akipata wazo, anachana. Na mwalimu mzima anaitikia.

Nilinunua daftari. Siku mbili, tukingoja gari, niliandika zile kurasa nne kutoka kichwani. Kitu ulichokisoma kwa hasira hakitoki. Mkono uliniwasha kurekebisha. Ningeweza kumfanya mama amnyang'anye kile kibuyu. Ningeweza kumpa msichana hata sentensi moja ya kujibu. Sikumpa. Niliandika kibuyu kikiungua. Niliandika makofi. Niliandika "kwa mara ya kwanza maishani mwake" nikiwa nimeuma meno. Nikazishona kwa sindano na uzi mweupe, nikaenda Wabera.

"Mwalimu, salaam aleikum. Hizi hapa zilizopotea."

"Umezitoa wapi?"

"Kichwani."

"Nani alichana?"

"Si mimi. Kama ningetaka mwisho huu upotee, ningekaa siku mbili kuuandika?"

Akavaa miwani, akaanza kusoma. Nilisimama mlangoni. Kwenye ukurasa wa pili akaweka kidole juu ya mstari.

"Mama anapiga makofi? Ndivyo ilivyokuwa kweli?"

"Ndivyo ilivyokuwa. Sijaongeza, sijapunguza."

Akatikisa kichwa, akaendelea. Droo ilikuwa wazi nusu, na kadi yangu ilikuwa pale juu, jina langu linaonekana.

"Mwalimu," nikasema, "naomba kadi yangu."

Akalowesha kidole bila kuiangalia droo, akafungua ukurasa wa tatu.