Muuguzi Yeyote

"Hapa je?" aliuliza tabibu wa miguu, akigusa kisigino cha fundi cherehani kwa ncha ya uzi mgumu.

"Hapa wapi?" fundi alijibu, macho kayafumba. "Kwani umeshaanza?"

Wakacheka, ingawa halikuwa jambo la kuchekesha. Kisukari kilikuwa kimeiba hisia zote za mguu ule. Tabibu akachukua kisu kidogo, akaanza kuichonga sugu taratibu, tabaka kwa tabaka. Kidonda hupenda kujificha chini ya sugu kama ile. Kikichelewa kuonekana, mguu huishia kwenye msumeno.

Pacha akachungulia mlangoni. Yeye na tabibu hawakuzaliwa tumbo moja. Jina hilo walibandikana chuoni, walipokuwa wakilala chumba kimoja na kula sahani moja.

"Maliza twende, shoga. Bodi imeshakaa."

Kwa miaka mingi walikuwa wameililia siku hiyo: hospitali ipate idara ya miguu, wanafunzi wafundishwe, kazi yao iache kuitwa ya kukata kucha. Hotuba waligawana. Tabibu aeleze ya leo, Pacha aeleze ya kesho.

Mbele ya bodi, tabibu alieleza ya leo. Alisimulia miguu iliyookolewa, na ile iliyochelewa. Kisha Pacha akasimama, akaweka sawa mtandio wake, asimtazame.

"Waheshimiwa, kusema kweli, idara haihitajiki. Muuguzi yeyote anaweza kufundishwa kazi hii kwa muda mfupi, akiwa chini ya wodi ya upasuaji. Mimi niko tayari kuwasimamia."

Mwenyekiti alikubali kwa kichwa, upesi mno, kama mtu aliyekwisha kuyasikia maneno hayo. Hapo ndipo tabibu alipoelewa.

Alimfuata hadi kwenye korido. "Pacha, umeniuza."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Juzi tu umekaa kwangu, umekula, unanisahihishia hotuba. Kumbe ulishawaendea!"

"Walishaniambia idara haitapita. Nikaona bora mmoja wetu apate cheo kuliko tukose wote. Utazeekea mle chumbani, shoga. Kazi yetu haina ngazi."

"Ngazi ndiyo tuliyokuwa tunaijenga."

Simu ya Pacha ikaita. Akaidaka kama mtu aliyeokolewa, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata tabibu alikuja kazini kuaga. Alikuwa anafungasha vifaa vyake mlango ulipogongwa. Akaingia mama mzazi wa Pacha, anachechemea, kiatu kimoja mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie hiki kidole, naona kinageuka rangi. Mwenzio kasema nije kwako tu, nisikubali kuguswa na mwingine."

Tabibu alisimama, begi mkononi. "Kasema lini?"

"Leo hii. Kwani mmegombana? Nimemkuta jikoni analia, namuuliza, ananiambia vitunguu. Vitunguu gani, na jiko halijawashwa?"

Tabibu aliliweka begi chini, akavuta kigoda, akaupakata ule mguu. Ulikuwa wa baridi. Akalaza vidole viwili juu yake, chini kidogo ya kifundo, akitafuta mapigo ya damu.

"Vipi?" mama aliuliza.

"Ngoja, mama. Tulia kwanza."

Nje wauguzi walipita wakiongea kwa sauti. Akasogeza vidole kidogo, akainamisha kichwa, akangoja.