Kufunga Mpaka Dawa

Mama mwenye mtoto anayemeza dawa kila siku, soma hii taratibu, hata kama jiko linakuita.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mama wa binti mmoja tu. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba mpaka kazini kwa mama yake wakamwita Sindano, na kazi yake ilikuwa kupiga pasi na kushona vifungo. Alikuwa na kifafa. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, na miaka mitatu ilikuwa imepita hajaanguka hata mara moja.

Fundi mwenyewe alikuwa mchapakazi, lakini mdomo wake! Ukimgusa kidogo atakupasha mpaka usahau ulichofuata. Alijijua. Ndiyo maana mchungaji alipotangaza wiki ya mfungo, akasema kufunga, kuomba, kukaa kimya na kuungama ni njia za kumpa Mungu nafasi ageuze moyo wa mtu, fundi alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Kufunga alikuweza. Kukaa kimya na kuungama akaviruka kama dimbwi barabarani. Kuungama hasa aliona ni kwa walevi.

Sindano naye akasema atafunga. Asubuhi ya kwanza alimkuta mama yake ameinamia gauni, pini nne amezibana midomoni.

"Mama, na dawa je?"

"Kufunga ni kufunga," mama akajibu katikati ya pini. "Ukianza kumezameza, utakuwa umefunga nini?"

Alisikia swali vizuri. Asije mtu hapa akamtetea kwamba pini zilimziba masikio. Alisikia, moyo ukamdunda, akajiambia siku saba si nyingi, Mungu anaona. Na tena alishawatangazia wenzake kanisani kwamba nyumba nzima imefunga.

Tangu hapo hakutulia. Alikanyaga cherehani, jicho liko kwa mtoto. Mtoto akipiga mwayo, roho inamruka. Akitaka kumwambia nenda kameze, anaona aibu. Basi ile hasira anawatupia wengine. Siku ya pili alimgombeza mteja kwa kunenepa: "Kiuno nilichopima mimi si hiki ulichokuja nacho!" Siku ya tatu ikawa zamu ya mkataji wa vitambaa, aliyekuwa kwenye kona anakula mkate wake.

"Wengine tuko mbele za Mungu, wewe unatafuna kama mbuzi!"

"Fundi, mimi nikila nanyamaza," mkataji akasema. "Wewe umefunga, na kutwa nzima unatutafuna sisi."

Hata Sindano alicheka. Akacheka, kisha kicheko kikakatika. Mkono ukabaki juu ya pasi, pasi juu ya suruali ya mteja, moshi ukaanza kupanda.

"Wewe! Unaunguza kitambaa cha watu! Akili yako iko wapi?"

Hayo ndiyo maneno yaliyomtoka mama. Mtoto akaanguka.

Mkataji ndiye aliyechomoa waya wa pasi, akasukuma meza, akamlaza binti kwa ubavu na kumwekea kitambaa chini ya kichwa. Mama alisimama tu, futi ya kupimia shingoni, anasema "Yesu, Yesu," hajui mikono aiweke wapi.

Huko zahanati, Sindano alipozinduka, vidole viwili vilivyoungua vimefungwa bandeji, muuguzi akamuuliza, "Dawa umemeza lini mara ya mwisho?"

Sindano akamtazama mama yake. "Siku tatu sasa. Nilisahau."

"Miaka mitatu hujasahau, leo ndiyo usahau siku tatu mfululizo?"

"Nilisahau, dada."

Mama angenyamaza tu, yangeishia hapo. Jina lake lingebaki safi, na Jumapili angeketi benchi la mbele kama kawaida. Aliikunja futi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hakusahau," akasema. "Aliniuliza, nikamkataza. Nilimwelewa vizuri. Tulikuwa kwenye mfungo, na nilitaka watu waone."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Alimpa zake, mlango uko wazi na foleni nzima inasikia: kwamba hakuna mchungaji wa maana angemzuia mgonjwa dawa, kwamba pasi ile ingeweza kumwangukia mtoto usoni, kwamba mama mzima hana akili. Na huyo muuguzi alikuwa msichana wa kumzaa. Majibu yalimpanda fundi mpaka kooni, matamu, yamejipanga. Akayazuia. Hayakushuka kirahisi.

Sindano akapewa kidonge na maji.

"Mimi nilifunga ili Mungu akupunguzie ukali," akamwambia mama yake, macho kwenye shuka. "Nikaogopa nikimeza, ombi litaharibika."

Mama alimshikia kikombe, akaona koo likicheza, na bado akawaza: jioni kuna kingine, kesho kingine, na huyu mtoto atamuuliza tena jambo lini bila kuogopa?

"Siku nyingine ukinikataza, Mama, nitameza tu."

Mtoto huyu hakuwahi kumjibu hivyo.

"Umeze," mama akasema.