Kifua cha Mzee Kimeu

Mzee Kimeu wa Matinyani alikuwa mwenyekiti wa wanaume kanisani, na kwenye kila semina ya ndoa alifundisha somo lile lile: mwanamume kamili hachoki, halalamiki, hashindwi. Wanaume walijibu amina kwa sauti, hasa wale waliokuwa wamechoka.

Halafu moyo wake ukachoka. Haikuwa mapenzi wala huzuni. Ulishindwa tu kusukuma damu vizuri. Hospitali moja mjini Kitui ilimpa vidonge vya aina nne, akaambiwa apunguze chumvi na asiache dawa. Akapata nafuu. Akaweza tena kwenda kuona mbuzi wake bila kusimama njiani akijifanya anatazama mawingu, maana huku kwetu mtu hawezi kutazama mawingu kila siku bila kushukiwa.

Miezi ikapita, kukazuka mambo mawili. Chumbani, yule mwanamume asiyeshindwa alishindwa. Na chini ya chuchu pakaanza kuvimba na kuuma, hata shati likimgusa anakunja uso. Mtu wa kawaida angerudi kwa daktari. Kimeu, kwa kuwa alijaliwa hekima, alinunua koti. Alilivaa mchana kutwa katika jua la Oktoba, jasho likimtiririka kama waziri anayehojiwa.

Alipofikiri sana, aligundua kwamba mwizi ni vidonge. Kipi kati ya vile vinne? Hakujua, kwa hivyo akavihukumu vyote na kuvitupa chooni. Badala yake akanunua katika soko la Kiboko, mbali na macho ya watu wa kanisa, unga wa mizizi kwa jamaa mwenye kipaza sauti, ambaye kwa unga huo huo alitibu nguvu za kiume, meno na kesi za mashamba. Kwenye mkebe palikuwa na picha ya simba ambaye, kwa jinsi alivyochorwa, naye alifaa kulazwa.

Mkewe, Mbula, hakuambiwa lolote. Aliona tu kwamba mume amehamia kulala sebuleni “kwa ajili ya maombi”, havui koti mbele yake, na kila mara ana safari ya Kiboko, eti kuangalia mbegu mpya kule kwa watu wa utafiti. Asubuhi moja akifagia, akaupata ule mkebe chini ya mto wa kiti. Akamwita mumewe kutoka uani.

“Baba Mutindi, huyo mwanamke wa Kiboko anaitwa nani?”

“Mwanamke gani?”

“Huyu unayemnywea dawa. Mimi hujaninywea hata chai.”

Kimeu alitaka kukasirika, kama anavyotakiwa kichwa cha nyumba, lakini pumzi haikutosha. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu havifungiki. Akashika ukuta, akateleza polepole mpaka chini. Mbula akasahau Kiboko, akapiga mayowe, na jirani akaleta gari.

Siku ya pili hospitalini, maji mwilini yakiwa yamepungua na Kimeu anaweza kukaa, daktari alikuja. Aliitwa Nasima, msichana wa Mwingi, umri wa binti yao Mutindi.

“Mzee, tendo la ndoa liko vipi?”

“Liko sawa kabisa.”

“Liko sawa wapi?” akauliza Mbula. “Kiboko?”

Kimeu akamtazama mkewe, akatazama dirisha, kisha akafungua vifungo vya lile koti, alilokataa kulivua hata wodini, kama mtu anayejisalimisha. Mbula aliona kile kifua. Hakucheka. Aliinama akakigusa kwa kidole, na mzee akaruka.

“Aiya! Ni hiki ulikuwa unanificha?”

“Moyo dhaifu peke yake unaweza kuleta shida chumbani,” Nasima akasema. “Halafu kimoja cha vile vidonge huwavimbisha wanaume wengine kifua na kuwapunguzia nguvu. Kina ndugu yake asiye na tabia hiyo sana. Ungesema tu, tungebadilisha.”

“Nilikuwa nangoja daktari mwanamume,” Kimeu akasema.

Mbula akatoa ule mkebe mkobani, Nasima akausoma. “Na huo unga uache. Wengine huchanganya humo dawa kali ya nguvu za kiume kimyakimya. Ukikutana na kile kidonge ambacho wagonjwa wa moyo huweka chini ya ulimi kifua kikiuma, presha inaanguka, na wewe unaifuata.”

“Kwa hivyo ndio basi?” Mbula akauliza. “Mimi ndiye nimeolewa, daktari. Nauliza.”

“Hapana, mama. Apone kwanza. Akiweza kupanda ngazi bila kuhema, mengine pia ataweza. Dawa ikihitajika nitamwandikia mimi.”

Nasima alipotoka, Mbula akakaa kitandani. “Yule mwanamke nilikuwa nimemchukia vizuri sana,” akasema. “Sasa hiyo hasira nitaipeleka wapi?” Kimeu akacheka, kwa uangalifu, maana kucheka bado kulimuuma.

Kifua kilichukua muda kushuka. Kimeu alirudi chumbani kwa mkewe, na mambo yakarudi pia, si kama zamani, wala si kila mara. Siku yasipokuja, wanalala wakiongea. Mbula anasema tangu waoane hawajawahi kuongea hivyo, na mengine anayoambiwa, kusema kweli, angependa yangebaki siri.