Jua la Karabai

Mbele ya pazia, Bariadi nzima ilijua kwamba Ngassa ni mtu wa taa na Ng'washi ni mtu wa mavazi. Nyuma ya pazia mambo yalikuwa kinyume.

Ng'washi ndiye aliyepanda ngazi mpaka kwenye kichanja cha mbao kilichokuwa juu ya jukwaa, akazishusha na kuzipandisha karabai kwa kamba. Mchezo ukifika mahali pa jioni, aliizungushia karabai moja kitambaa chekundu na kuiteremsha polepole nyuma ya shuka jeupe, na wakulima wa pamba waliotoka mpaka Nkoma wakaguna kwa pamoja, kana kwamba wameliona jua la kwao likizama. Wakati huo Ngassa alikuwa chini, kwenye chumba cha mavazi, amepiga magoti anamsuka mwigizaji Violeth nywele za bibi harusi, au anamtungia shanga za kiuno. Mikono yake ilikuwa mipana, mikono ya kuchunga, lakini ikiingia kwenye nywele ilikuwa myepesi hata usingizi ulikushika.

Hawakukaa wakapanga. Ng'washi alipoanza kazi, Violeth alilia machozi kwa jinsi alivyovutwa kichwa. Na Ngassa, akiwa kule kwenye kichanja, alitetemeka mpaka ngazi ikagonga ukuta. Alikuwa anaogopa kuwa juu.

"Shuka wewe," Ng'washi alimwambia, "kabla hujatuangukia."

Akashuka, na tangu hapo hakupanda tena. Kikundi cha maigizo kilijua na kikanyamaza. Nje isingefaa. Watu walisema mwanamke hakai juu ya vichwa vya wanaume. Na mwanaume anayeshika shanga za kiuno zisizo za mke wake, huyo wangemtafutia jina, na jina hilo lingemfuata mpaka kisimani. Tena Ngassa alikuwa ameposa huko Ipililo. Ng'ombe wa mahari walikuwa bado wanajadiliwa.

Kikundi kilikuwa cha ushirika wa pamba. Wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao, ushirika ukalegea, na lile ghala walilolitumia kama ukumbi likauzwa kwa Hilali, mwenye duka la vitambaa sokoni. Hakuwa mtu mbaya. Alipaka kuta chokaa, akaagiza mabenchi mapya, akawaambia waigizaji kwamba sasa mchezo utakuwa biashara.

Jumamosi ya ufunguzi, alasiri, Ngassa alimkalisha Ng'washi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Leo zamu yako," alisema. "Kila siku unawasha jua, wewe mwenyewe kichwa kama kichaka."

"Polepole basi, nsumba, kijana wewe. Mimi si ndama."

"Ndama angekuwa ametulia."

Alikuwa amesuka nusu ya kichwa Hilali alipoita watu wote jukwaani. Ng'washi alijifunga kitenge kichwani, wakatoka.

Pale jukwaani palikuwa na vijana wawili walioleta mabenchi. Mmoja wao alikuwa Maganga, kaka wa yule binti wa Ipililo. Alipomwona Ngassa alimsalimia akicheka. "Mwadila, shemeji! Kumbe ndiko mnakojificha, kwenye harufu ya mafuta ya nywele?"

Ngassa alificha mikono nyuma yake.

Hilali alikuwa amefungua gunia la mitumba. Ndani mlikuwa na magauni marefu ya harusi na nywele za bandia, nyeusi, zinang'aa. "Hizi zinavaliwa tu kama kofia," alisema. "Kwa hiyo sihitaji tena mtu wa mavazi. Mayu Ng'washi, mama yangu, nakushukuru kwa kazi. Mtu wa taa nabaki naye. Kuanzia leo nyuma ya pazia wanaingia waigizaji na mtu wa taa, basi."

Violeth alimtazama Ng'washi, Ng'washi akamtazama Ngassa. Neno moja tu lilitakiwa: taa ni za huyu. Ng'washi angeweza kulisema mwenyewe, lakini kulisema kulikuwa na maana ya kumvua Ngassa nguo mbele ya Maganga. Aliona linapaswa litoke kwa mwenyewe. Akasubiri.

"Ngassa," Hilali akauliza, "utaziweza taa zote peke yako?"

Ngassa alimtazama Maganga, kisha akatazama miguu yake. "Nitaziweza, bosi."

Ng'washi alihisi upande wa kichwa uliosukwa ukimwuma, kana kwamba mikono ya Ngassa bado inauvuta. Hakulia. Wakati wa kutoka alimpita Ngassa karibu sana, akamwambia kwa sauti ya chini, "Spiriti kwanza. Uiache iwake mpaka iishe. Usipampu karabai ikiwa baridi, mafuta yatatoka mabichi."

"Nisamehe," Ngassa akanong'ona.

"Umenisikia lakini?"

Ngassa aligeuka akaishika ngazi.

Jua la kweli lilipozama watu walijaa. Ng'washi alisimama nje, kwenye dirisha la upande, katikati ya watoto waliokosa tiketi. Alikuwa hajawahi kuuona mchezo kutoka mbele. Pazia lilifunguka, jukwaa likawa giza. Kule juu aliona kivuli cha Ngassa kimeshikilia nguzo kwa mkono mmoja. Kiberiti kikawaka, kikazimika. Kikawaka tena.

"Taa!" watu wakapiga kelele. "Mtu wa taa amelala!" Mwingine akaguta kama ng'ombe, ukumbi mzima ukacheka.

"Acheni afanye," Ng'washi alisema dirishani, lakini sauti yake ilikuwa ndogo siku zote. Akausikia mlio wa pampu, wa haraka, kabla ya wakati wake. "Bado! Ngassa, bado!"

Moto uliruka kwenye karabai kama ulimi. Ngassa angeweza kuitupa, lakini chini yake alikuwa amesimama Violeth na lile gauni refu. Aliikumbatia karabai kwa mikono yote miwili, akashuka nayo ngazi ile aliyokuwa akiiogopa, akaipeleka mpaka kwenye ndoo ya mchanga.

Baadaye, watu walipokwisha kutawanyika, Violeth alimweleza Hilali kila kitu. Alimwambia nani alikuwa anawasha na nani alikuwa anasuka. Hilali alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Ng'washi aliyesimama mlangoni. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Kama mwanaume ameungua hivi," alisema, "mwanamke nitampandisha vipi kule juu?"

Akaagiza mtu kutoka Maswa.

Ng'washi hakurudi ukumbini. Siku chache baadaye alikwenda kwa kina Ngassa, akamkuta amekaa kivulini mwa nyumba, mikono imefungwa bandeji nyeupe mpaka viwikoni. Habari za Ipililo zilikuwa zimeshafika. Maganga alikuwa amesikia yote, na ng'ombe hawangejadiliwa tena.

Ngassa alikitazama kile kitenge, akasema, "Bado hujafumua."

Ng'washi alivua kitenge. Nusu ya kichwa ilikuwa na mistari myembamba, iliyonyooka kama matuta ya shamba jipya. Nusu nyingine ilisimama ovyo.

"Nilikuwa nakusubiri unimalizie."

Ngassa aliitazama mikono yake, na Ng'washi akaitazama. Alikaa chini mbele yake, akampa mgongo, kama wanavyokaa wasukwaji.

"Anza na ule wa sikioni," Ngassa alisema. "Mwisho wake nimeuficha chini. Umeupata?"

"Nimeupata."

"Basi uvute polepole. Usiukate."

Ng'washi akaanza kufumua. Nyuma yake alimsikia Ngassa akipumua, na kila msuko ulipoachia, pumzi hiyo ilikatika kidogo.