Mlango wa Ukumbi Ukifungwa

Uvumi wenyewe Delfina aliupata jikoni mwa kanisa, akina mama wakikatakata kuku wa sikukuu ya kijiji: kwamba huko kisiwani Guam msichana mmoja wa shule alianguka akicheza badminton, milango yote ya ukumbi imefungwa, na hakuamka tena. Aliyeuleta ni Tan Eska, bibi mtu mzima anayejua habari za kila kisiwa kabla ya redio. Delfina akauliza, msichana gani, shule gani, lini? Tan Eska hakujua. Binamu yake alisikia kwa mtu wa uwanja wa ndege.

"Lisemwalo lipo, binti yangu," alisema, kisu mkononi. "Kama halipo, liko njiani."

Wenzake walicheka na Delfina akacheka nao, lakini neno lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni: ukimeza wali haushuki, ukikohoa hautoki.

Binti yake Jovita alikuwa kwenye timu zote mbili, ya kikapu na ya badminton. Shule yao hapa Saipan ni ndogo. Ukiwatoa wanaocheza kikapu, wa kushika raketi hawapo. Ukumbi ni mmoja, na kocha mmoja, Bwana Ogumoro, mwalimu wa hesabu. Viyoyozi viliondoka na kimbunga, havikurudi. Kwa kikapu si neno, milango huachwa wazi na upepo wa baharini unapita. Kinyoya cha badminton, kile kinachopigwa badala ya mpira, ndicho chenye adabu mbaya. Kipulize kidogo tu, kinakwenda kisikotumwa. Kwa hiyo ikifika zamu ya badminton milango hufungwa, feni huzimwa, na hakuna anayegusa komeo mpaka mchezo uishe. Mwenye mtoto mchanga anayelia atoke mapema, au amnyonyeshe humohumo na wote waloe jasho pamoja.

Msimu ulianza na mvua, ukaendelea na jua. Delfina alikunja mashuka ya hoteli kutwa nzima, akirudi nyumbani anafua jezi: za bluu za kikapu, nyeupe za badminton, na soksi ambazo mtu angeweza kuzisimamisha ukutani. Jovita alikula wali mwekundu amesinzia, kijiko kinatafuta mdomo. Alikonda. Magoti yalimlia akipanda ngazi. Mama akimwambia apumzike, anajibiwa, "Ma, usianze." Akimwambia anywe maji, anasema maji yanamfanya mzito, na tena choo cha ukumbini hakina mlango. Mwenzake wa badminton ya wawili wawili, Marivic, binti wa Kifilipino mwenye kicheko cha kuku, alikuwa akimtania kwamba ananuka kama gari la kocha, na Jovita anamrushia kiatu. Wakati huo tu ndipo mama yake alipomwona bado ni mtoto.

Alikwenda kwa kocha. Bwana Ogumoro ni mtu mwema, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Macho mekundu, mitihani haijasahihishwa. Alimsikiliza yote, hata habari ya Guam, kisha akasema kwa upole kwamba na yeye aliwahi kuisikia hiyo, ila kwake ilikuwa ni mvulana, na ilikuwa Palau. Delfina akaona haya. Alisoma mpaka darasa la sita tu. Mwalimu wa hesabu akitabasamu hivyo, yeye hushukuru tu. Akaaga.

Siku ya mwisho wa msimu umeme ulikuwa umekatika jana yake, ratiba ikabanwa. Asubuhi kikapu, mchana fainali ya badminton. Kwenye kikapu walishindwa, na Jovita alicheza mpaka kipyenga cha mwisho. Alikula nusu ya ndizi, akabadili jezi, milango ikafungwa.

Delfina alikaa benchi la mlangoni. Hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililotoka kuchemshwa. Seti ya kwanza wakashinda, ya pili wakashindwa, ya tatu ikaenda bega kwa bega, na watu wa kijiji wakaanza kuonja kombe ambalo shule yao haijawahi kulishika. Marivic alikuwa amelowa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Jovita alikuwa mkavu. Uso mwekundu na mkavu. Mama mtu akaukodolea macho. Kisha Jovita akasimama upande usio wake kupokea, akarudishwa, akasimama tena palepale. Marivic alimnong'oneza kitu. Akajibu kwa kucheka, kicheko kisicho na mwenyewe.

Zilibaki pointi mbili. Delfina akainuka, akavuta komeo, akausukuma mlango kwa bega lake lote.

Upepo uliingia kama mgeni aliyechoka kubisha. Kinyoya kilichokuwa juu ya wavu kikapinda, kikaangukia miguuni mwa mwamuzi. Ukumbi mzima ukageuka.

"Mama, funga mlango," kocha alisema.

"Sifungi."

"Watarudia pointi, haina shida. Funga tu. Zimebaki mbili, Mama."

"Mwangalie mtoto, Mwalimu. Mwangalie usoni. Sifungi."

"Ma, unaniaibisha," Jovita alisema, ulimi mzito. Akakaa chini juu ya mstari, taratibu, kama mtu anayekaa kitandani kwake, akatapika. Alipoulizwa yuko wapi alisema yuko kwa bibi.

Bwana Ogumoro ndiye aliyembeba. Wakamlaza kwenye upepo, wakammwagia ndoo ya barafu iliyokuwa ya kupozea soda, shingoni, kwapani, mapajani, mpaka gari la wagonjwa likaja. Hospitali walimweka siku kadhaa. Daktari alisema figo zilikuwa zimeanza kugoma, na kwamba mchezo mwingine mfupi ungetosha kumuua.

Kombe walichukua wapinzani wao. Mama yake Marivic hasalimii tena kanisani. Anasema bintiye alinyang'anywa ushindi mkononi. Jovita alirudi nyumbani na kulala, akaamka na kulala tena, na kwa mama yake akawa na neno moja tu, "sawa." Delfina anaendelea kukunja mashuka. Hajapata kujua kama yule msichana wa Guam alikuwepo.

Kwa mzazi mwingine mwenye mtoto kwenye timu mbili, haya ya kuepuka:

Kumwacha acheze michezo miwili siku moja, hata wakisema ni leo tu.

Kungoja aseme mwenyewe kuwa amechoka. Hasemi.

Kumwacha avumilie kiu kwa sababu ya choo kibovu. Pigieni kelele choo.

Kudhani jasho likiwepo yu salama. Wengine huanguka wamelowa. Maneno yakipotea njia, mtoe.

Kumnywesha maji ambaye akili imemhama. Mmwagie mwilini, na liitwe gari la wagonjwa.

Kukaa mbali na mlango.

Kuomba ruhusa ya kuufungua.