Vyumba Thelathini na Vitano

Jumanne moja niliamka maskini, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa tajiri. Habari hizo zililetwa na simu. Ujumbe ulisema kwamba mimi, Wachuka wa Njuguna, mkulima wa viazi, nimepangwa katika daraja la kwanza la uwezo, na kwamba kadi yangu ya bima mpya ya afya haitafanya kazi mpaka nilipe mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Kiasi chenyewe sitakitaja. Ningekuwa nacho, ningenunua ng'ombe wa gredi na zizi lake.

Sikuwa peke yangu. Simu zililia nyumba nzima. Kiptanui, anayebeba magunia sokoni, alikuwa tajiri. Mjane Nanyama, anayeuza mandazi nje ya shule, alikuwa tajiri. Cate na mumewe Kabiru, matajiri. Watu walitoka nje na simu mkononi wakaanza kuitana bwana mkubwa na kucheka, mpaka wakagundua kwamba Cate hacheki.

Nyumba yetu iko juu ya kilima, upande wa Kuresoi. Ilijengwa na mzungu aliyekuwa akilima pareto, watu wakaiita Kwa Hadisoni, na jina likabaki hata mwenyewe alipokwenda zake. Wazee wetu waliponunua shamba kwa ushirika waligawana ardhi kwa kamba na vigingi, lakini nyumba ya mawe haikatwi kwa kamba, kwa hivyo waligawana vyumba. Vingine vimeuzwa tangu hapo, vingine vimekodishwa, na leo tumo familia tano. Mimi nalala sebuleni, kando ya meko ambayo moshi wake hupenda kurudi ndani. Cate na Kabiru wako kwenye chumba alichokuwa mzungu akilia chakula. Nanyama yuko stoo, ambamo akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Jiko tunatumia sote, na bafu halina paa.

Sasa, nani aliyeiambia serikali kwamba sisi ni matajiri? Ni mimi.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nimepewa simu yenye maswali, nazunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha watu, kisha mfumo unapiga hesabu na kuamua nani ana uwezo na nani hana. Wakati wa mafunzo tuliambiwa tujibu swali lililoulizwa, si lile tunalotamani kuulizwa. Basi simu iliuliza kuta ni za nini, nikaandika mawe. Paa? Vigae, maana vilivyobaki ni vingi kuliko vilivyoanguka. Sakafu? Mbao. Nyumba mnayoishi ina vyumba vingapi? Saba. Nikaandika hivyo hivyo kwa familia zote tano. Nimefundisha Sunday school miaka kumi na tisa, na siwezi kusimama mbele ya watoto Jumapili ikiwa Ijumaa nilidanganya. Wenzangu huniita kichwa ngumu, na hawakosei.

Cate alikuja sebuleni kwangu jioni ile ile, akakataa kiti.

"Mama Natalie, uliandika nini kwa hiyo simu?"

"Niliandika ukweli."

"Ukweli gani? Si unajua mimi nalala chumba moja na pazia katikati?"

"Iliuliza nyumba, Cate. Haikuuliza chumba."

Akaweka mkono juu ya tumbo. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na daktari alikuwa ameshasema wa pili lazima atoke vivyo hivyo, katika hospitali kubwa ya Nakuru, kwa tarehe iliyopangwa. Zilibaki wiki sita. Zahanati yetu ina kitanda kimoja cha kujifungulia. Chumba cha upasuaji hakuna.

"Sawa," akasema. "Siku ikifika na hiyo kadi haifanyi, wewe ndio utamwambia Kabiru."

Tangu siku hiyo hakunisalimia tena. Tulipishana jikoni kila asubuhi, yeye na sufuria yake, mimi na yangu, na kimya chake kiliniuma kuliko tusi. Nilipiga namba ya msaada ya bima wiki nzima, nikapigiwa muziki. Nilijaribu kurekebisha majibu, simu ikasema fomu ikishatumwa haifunguki.

Muuguzi wa zahanati, Kiplangat, ndiye aliyenipa njia ya mkato. "Madam, mbona unajisumbua? Cate si ako na mama yake Gilgil? Hiyo nyumba ni ya mabati. Mtoe hapa, mwandikishe huko kama mtu wa huko. Kesho kutwa kadi iko sawa, na hakuna mtu atauliza."

Nakiri kwamba nilishawishika. Lakini ningemfanyia Cate hivyo, Nanyama na presha yake angebaki tajiri, na Kiptanui, na wengine nisiowajua. Na ningekuwa mwongo. Nikajiwekea wiki tatu. Nitapigana na mfumo wiki tatu, nikishindwa nitamdanganyia Cate, nimalizane na Mungu baadaye.

Siku chache baadaye tuliitwa Molo, kwenye ukumbi wa kanisa, wahudumu wa afya kutoka pande zote za kaunti. Kampuni iliyopewa tenda ya kuujenga mfumo ilikuwa imemtuma kijana wake aje atuelimishe. Jina lake Quincy Makhanu, shati jeupe, viatu ambavyo havijawahi kukutana na matope ya Kuresoi. Aliwasha projekta, akatuonyesha michoro ya rangi, akasema maneno matamu.

"System haiangalii sura ya mtu," akasema. "Inatumia data tu. Imetestiwa na watu elfu kumi. Hapo hakuna upendeleo."

Nikasimama kabla sijaombwa. "Kijana, fungua ramani utafute Kwa Hadisoni, Kuresoi."

"Mathe, kesi za mtu mmoja mmoja tunapeleka helpline."

"Helpline imenichezea muziki wiki nzima, sasa hata naweza kuuimba. Fungua ramani."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, akafungua kwa adabu. Kwenye ukuta wa kanisa kilitokea kilima chetu, na juu yake nukta moja nyekundu. Alipoigusa ikagawanyika kuwa tano. Akasoma ya kwanza: mawe, vigae, mbao, vyumba saba. Ya pili: mawe, vigae, mbao, vyumba saba. Alipofika ya tatu sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

"Familia tano," nikasema, "na kila moja ina vyumba saba. Jumla?"

Ukumbi ukajibu kwa pamoja, "Thelathini na tano."

"Mimi naishi hapo. Nimezaliwa hapo. Nyumba ni moja na vyumba ni saba, na kimoja hakina paa. Hiyo mashine yenu imejenga nyumba nne ambazo mimi sijawahi kuziona. Nionyeshe ziko upande gani nihamie moja leo."

Walicheka mpaka mchungaji akachungulia mlangoni. Kisha mzee mmoja kutoka Turi, Ngigi, akainua mkono bila kucheka. "Sisi tuko familia nane kwa nyumba ya meneja wa zamani. Wote tumeambiwa ni matajiri." Mama mmoja nyuma akasema, "Kwetu watu wanaishi kwa stable ya farasi. Na ni ya mawe." Mikono ikaendelea kuinuka, safu hadi safu, nami nikaona kwamba jambo hili ni kubwa kuliko kilima chetu.

Quincy alizima projekta, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa. "Hilo swali niliandika mimi," akasema polepole.

"Wewe umezaliwa wapi?" nikamuuliza.

"Nakuru. Quarters za reli. Babu alikuwa fundi wa reli, tulibaki tu huko." Akasugua paji la uso. "Ni jengo moja refu, milango ishirini, paa moja."

"Na mtu angemuuliza mama yako nyumba ina vyumba vingapi?"

Alifikiri, na alipojibu nilimpenda kwa mara ya kwanza. "Angesema ishirini. Mama hadanganyi."

Lakini kupendwa na mimi hakukurahisisha kazi. Alitueleza kwamba kampuni haiwezi kubadilisha hata nukta bila wizara kuiagiza, na wizara haiagizi bila barua ya kaunti yenye ushahidi. Kwa kawaida huchukua miezi mitatu.

"Kuna msichana nyumbani amebakisha wiki tano," nikasema. "Mimba haisomi barua. Ushahidi gani wanataka?"

"Sio nyumba moja, mathe. Nyumba nyingi. Picha za kila mlango, na majina ya wenye kulala ndani. Nyinyi pelekeni hiyo kaunti, mimi naanza kuandika hilo swali upya leo, barua inikute nimemaliza. Nikifutwa kazi ni sawa."

Nikageukia ukumbi. Sikuwa na la kuongeza ila, "Mmesikia."

Sijawahi kuona watu wakitembea hivyo. Kwa siku tisa wahudumu wa afya walipanda na kushuka, Molo, Elburgon, Subukia mpaka Gilgil, wakipiga picha za milango. Picha ziliingia kwenye simu yangu mpaka ikajaa, nikalazimika kufuta kwaya yetu yote. Nyumba za mameneja, mabweni ya vibarua, maghala ya ngano, zizi la farasi lenye mapazia ya maua. Nyumba mia mbili na kumi na nne, na ndani yake zaidi ya familia elfu moja zilizotajirishwa kwa nguvu. Ngigi aliyepata nyingi kuliko wote alitamba kwa siku tatu, na tulimwacha atambe.

Nilipeleka orodha Nakuru mwenyewe, kwenye ofisi ya afya ya kaunti. Niliambiwa afisa yuko kwenye mkutano. Nikasema nitangoja, nikatoa viazi vyangu vya kuchemsha nikaanza kula pale pale mbele ya karani. Saa nane mchana mkutano uliisha wenyewe. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na alianza kwa kupekua karatasi haraka haraka. Kwenye ukurasa wa nne alivuta kiti. Kwenye ukurasa wa kumi alimwita karani alete barua yenye nembo.

"Hawa wote wamefungiwa kadi?" akauliza.

"Wote, madam. Na wengine ni wagonjwa."

Alitia sahihi siku hiyo hiyo, akaipigia wizara mbele yangu, na namna alivyokuwa akiongea na hao wakubwa, hakika sikumwonea gere aliyekuwa upande wa pili.

Siku sita baadaye, siku mbili kabla ya ile niliyojiwekea kudanganya, Quincy alinipigia. Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajalala lakini hajali. "Mathe, wizara imekubali. Update simu. Anza na huyo msichana."

Niligonga mlango wa Cate. Akafungua. Nikamsomea maswali kwenye skrini. Nyumba hii inakaliwa na familia ngapi? "Tano," akasema. Familia yako inatumia vyumba vingapi? "Kimoja." Nikatuma. Tulisimama pale mlangoni bila kutazamana, dakika ndefu sana, mpaka simu yake ikalia. Daraja la mwisho. Mchango utalipwa na serikali. Kadi inafanya kazi.

Kufikia jioni tulikuwa maskini sote. Kiptanui alizunguka nyumba akitangaza, "Tumefilisika, jameni, tumefilisika," na Nanyama akachoma mandazi bure kwa kila aliyepita. Nilifurahi kiasi kwamba nilimkumbatia Kiplangat, ambaye alikuwa amekuja tu kuazima jembe.

Tarehe ya Cate ilipofika, Kabiru alikuwa kazini kwenye shamba la maua Naivasha, akisubiri ruhusa. Nikaenda na Cate mimi. Kwenye dirisha la hospitali karani aliweka namba ya kadi, akatazama kompyuta, akasema bila kuinua kichwa, "Iko sawa. Mwende wodi ya pili." Ni hayo tu. Maneno yaliyonigharimu mwezi mzima, yeye aliyasema huku akitafuta kalamu. Kisha akauliza nani atatia sahihi ya upasuaji upande wa familia.

Cate akanionyesha kwa kidole. "Huyu."

"Ni nani wako?"

"Tunaishi nyumba moja," akasema, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka walipomchukua.

Saa saba mchana muuguzi alitoka akaniambia ni msichana, na mama mzima. Nililia mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi, na sikujifuta. Nikapiga simu nyumbani, nikaiweka kwenye spika. Kwetu msichana hupigiwa vigelegele vitatu, mvulana vitano. Nilisikia cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikadhani wamemaliza. Nanyama akaongeza cha nne, na mke wa Kiptanui akapiga cha tano, kimoja kwa kila mlango wa nyumba yetu, na korido nzima ya hospitali ikageuka kunitazama.

Askari akaja kuniambia nipunguze sauti. Nikamwambia nimeingoja mwezi mzima, na aketi naye asikilize.